Kazi ya Matone

Jua la Nyali likiwa bado changa, fundi huchuchumaa kando ya bwawa la kuogelea la nyumba anayoitunza, akazamisha mkono hadi kiwiko na kuteka maji ya chini. Ya juu hayataki. Yamepigwa na jua na upepo, yatamdanganya. Hujaza kichupa, akadondosha matone matano ya dawa nyekundu, akakiinua mbele ya ukuta mweupe. Yakiwa manjano, asidi imezidi. Yakiwa waridi iliyokolea, imepungua. Yeye anatafuta rangi ya katikati, na haamui mpaka awe ameitazama mara mbili.

Bwawa hili ni la chumvi, na wenye nyumba wengi hudhani bwawa la namna hiyo hujitunza lenyewe. Kweli, chumvi yenyewe si nyingi: lita 50,000 humeza kilo 150 hivi, yaani gramu tatu kwa lita, wakati bahari ina 35. Hata machozi yana chumvi zaidi. Lakini chumvi ni malighafi tu. Maji yakipita kati ya bamba za titani zenye umeme, chumvi huzaa klorini. Klorini ikishafanya kazi yake, hurudi kuwa chumvi. Tatizo ni kwamba umeme huohuo hutoa vipovu vya haidrojeni, vipovu hufukuza kaboni dioksidi, asidi hupungua na pH hupanda kimyakimya. Ikifika 7.5, nusu tu ya klorini ndiyo yenye makali. Ikifika 8, ni kama robo. Panga lipo mkononi, ila ni butu.

Hapo ndipo ninapomvulia kofia. Limbukeni angemwaga asidi ya kutosha leo, kesho akamwaga magadi kuisahihisha, bwawa likawa bembea. Fundi huyu hukokotoa kipimo, kisha hutia nusu yake. "Asidi ukishaitia, huichoti," husema. Huimimina ndani ya ndoo iliyokwisha kuwa na maji, kamwe si maji juu ya asidi, kwani huchemka na kumrukia mtu usoni. Pampu ikinguruma, hutembea ukingoni akiimwaga kwa mkondo mwembamba. Kisha anakwenda kufagia majani. Saa kadhaa baadaye hurudi na kichupa chake.

Pwani inamzidishia kazi. Maji ya kisima hutoka kwenye mwamba wa matumbawe, yamejaa kalsiamu, na pH ikiachwa juu, kalsiamu huganda kwenye bamba kama magamba ya ndani ya birika. Huziloweka bamba kwa dakika chache katika asidi iliyozimuliwa. Kisu hakigusi hapo: utando unaofanya bamba zizae klorini ni mwembamba mno, na ukishakwanguka umekwenda.

Saa nne watoto hujirusha majini, macho wazi. Hakuna harufu. Ile harufu kali tunayoiita ya klorini ni ya klorini iliyoshikana na jasho na mkojo, dalili kwamba mtu amezembea.

Siku moja alinionyesha daftari lake. Tarehe, saa, chumvi, klorini, pH: 7.4, 7.4, 7.5, 7.4, kurasa kwa kurasa. Asiyejua angedhani amenakili mstari mmoja mwaka mzima.