Bendera ya Taifa: Tumekariri Maudhui, Tukaisahau Fani

Ndugu msomaji, tuanze na jaribio dogo. Kijani? Uoto wa asili. Njano? Madini. Nyeusi? Wananchi. Buluu? Maji: bahari, maziwa na mito. Umepata zote, hongera, umefaulu shule ya msingi! Tatizo ni kwamba wengi wetu tumefika chuo kikuu na majibu yaleyale, tukidhani bendera ya Tanzania imekwisha kuhakikiwa.

Makala haya yanadai kwamba bado. Tulichokariri ni maudhui. Fani yake, yaani mpangilio wa rangi, nani kakaa jirani na nani, nani katikati na nani pembeni, hatujaigusa. Na sisi ndio tunaoimba darasani kila siku kwamba fani na maudhui hutegemeana!

Kwanza muktadha. Tanganyika ilipopata uhuru tarehe 9 Desemba 1961, ilipandisha kijani, nyeusi na kijani, ambazo ni rangi za TANU, ila kati ya kijani na nyeusi ilitiwa mistari myembamba ya njano. Zanzibar, baada ya Mapinduzi ya Januari 1964, ilichukua buluu, nyeusi na kijani za chama cha Afro-Shirazi. Muungano ukaja tarehe 26 Aprili, na tarehe 30 Juni mwaka huohuo ikapatikana bendera tuliyonayo. Rangi hizi basi zilipita kwenye vyama kabla ya kufika kwenye daftari zetu za Uraia.

Sasa fani. Bendera zote mbili zilikuwa na milia ya kulala. Mbona hii mpya ikawa ya mshazari? Ukilaza rangi, lazima mmoja awe juu na mwenziwe chini. Mshazari umegawa nguo katika pembetatu mbili zilizo sawa. Ni fani inayotafuta usawa, na kwa maoni yangu ni ya busara. Hata hivyo, haikumaliza mambo. Kijani ndiyo iliyoegemea zaidi mlingoti. Buluu imeachiwa upande unaopigwa na upepo, ambako nguo huanza kuchanika. Mwaka 2005 Zanzibar ilipopata tena bendera yake, ilirudia milia ya kulala, na ile ya Muungano ikawekwa ndogo kwenye kona ya juu mlingotini. Huo nao ni uhakiki, tofauti ni kwamba umeshonwa badala ya kuandikwa.

Tuje kwenye nyeusi. Lugha yetu husifu moyo mweupe na kulaani roho nyeusi. Bendera imeigeuza taswira hiyo: weusi ni sisi wenyewe, tena umetanda kutoka kona hadi kona. Kwa nchi iliyotoka kutawaliwa, hapo usanii umefaulu kabisa.

Lakini itazame vizuri hiyo nyeusi. Haigusani na kijani. Haigusani na buluu. Kila upande imezungushiwa njano. Kwa lugha ya alama zenyewe, mwananchi hafiki kwenye ardhi yake wala maji yake mpaka avuke madini! Katika bendera ya Zanzibar ya 1964 nyeusi iligusana na jirani zake moja kwa moja.

Najua nitajibiwa kwamba huo ni ufundi tu: nyeusi na kijani zikigusana, kwa mbali hazitofautiani, hivyo njano inasaidia macho. Nakubali. Huenda wachoraji hawakuwaza zaidi ya hapo. Lakini tangu lini mhakiki akaishia kwenye nia ya mtunzi? Kazi ikishatoka mikononi mwake husomwa na jamii, na jamii husoma kwa maisha yake. Wenzetu wanaotoka Geita, ambako mgodi mkubwa uko jirani na mashamba, watuambie wenyewe kama mstari ule wa njano wanauona kuwa pambo, daraja, au uzio.

Sisemi bendera ibadilishwe. Nasema isomwe. Orodha ya maana nne inatufundisha tulicho nacho. Mpangilio unatuuliza ni nani anayekifikia. Swali hilo la pili ndilo kazi ya fasihi, na mimi sitaki tena kulijibu kwa pamoja na darasa zima kwa sauti moja. Anayepinga, na aandike.