Popobawa Alivyosimuliwa: Ufundi wa Hofu Ambao Vitabu Vyetu Havijaufikia

Msomaji wa hadithi za kutisha ana hukumu fupi: imenitisha, haikunitisha. Wakae vijana wa Gombani, Pemba, barazani jioni baada ya mpira kwisha uwanjani, mazungumzo yageukie mashetani, hutamsikia hata mmoja akisifu lugha ya mwandishi au mpangilio wa matukio. Wataulizana nani alishindwa kulala peke yake. Kwa kipimo hicho, hadithi ya kutisha iliyofaulu kuliko zote kisiwani Pemba haikutungwa na mwandishi yeyote. Ilienda kwa mdomo mwanzoni mwa 1995, na mimi naona waandishi wetu bado hawajakaa chini wakaichambua kama kazi ya sanaa.

Wasioijua wapate muhtasari. Ilisemekana kwamba kiumbe aitwaye Popobawa huingia usiku katika nyumba zilizofungwa, huwakandamiza waliolala na kuwaingilia kwa nguvu, wanaume kwa wanawake. Habari zilienea Pemba, zikavuka bahari hadi Unguja, zikafika Dar es Salaam. Familia zilitoa mikeka nje zikalala pamoja kandokando ya moto. Wazee walikumbuka kisa cha namna hiyo katika miaka ya 1960, baada ya Mapinduzi, na mwaka 2007 habari zilizuka tena Dar es Salaam. Martin Walsh, mwanaanthropolojia aliyekuwa akifanya kazi Zanzibar mwaka 1995, ameandika kwa kirefu juu ya taharuki ya mwaka huo, na Katrina Daly Thompson alitoa kitabu kizima mwaka 2017 kuhusu jinsi watu wanavyomzungumzia Popobawa. Sina nia ya kuamua hapa kama kiumbe huyo yupo au hayupo. Ninachotaka kuonyesha ni jinsi masimulizi yalivyosukwa hata mtu mzima mwenye akili zake akaacha kitanda na kwenda kulala uani.

Kwanza, umbali. Hadithi zetu nyingi za kuandikwa huanza katika kijiji kisicho na jina, kando ya msitu usio na jina. Masimulizi ya 1995 yalikuwa na anwani. Tuseme habari imetokea Vitongoji. Mtu wa Gombani anayeisikia anaijua njia ya Vitongoji, ana mjomba huko, ameshawahi kuipita ile minazi. Kesho akiambiwa kuwa sasa ni Wawi, hahitaji maelezo zaidi, anahesabu mwenyewe kilichobaki. Mtunzi wa kitabu angehitaji kurasa nyingi kujenga hali ya kitu kinachokaribia. Hapa majina ya vijiji yalifanya kazi hiyo yote, na msikilizaji ndiye aliyeikamilisha kichwani mwake.

Pili, mwili. Popobawa hakuelezwa sana kwa macho. Wengine walisema ni kivuli, wengine walisema hawakuona kitu. Walichoeleza ni uzito kifuani, sauti isiyotoka, viungo visivyotii. Hali hiyo tunaijua, ni jinamizi. Wataalamu wa usingizi wanaeleza kwamba tunapoota, ubongo huzuia misuli isifanye kazi, na mara nyingine mtu huzinduka kabla kizuizi hakijaondoka. Macho yanaona chumba, mwili umefungwa, pumzi inakuwa nzito, na akili inatafuta nani amekaa juu yake. Katika nchi nyingi wapo watu wanaopatwa na hali hii angalau mara moja maishani. Kwa hiyo msimuliaji hakulazimika kuthibitisha lolote, kwa kuwa baadhi ya waliomsikiliza walikuwa na ushahidi tayari katika miili yao. Mwandishi anayemjaza shetani pembe, kucha na macho mekundu anaitupa bahati hii. Hakuna msomaji aliyewahi kuguswa na pembe, lakini wengi wamewahi kuamka wakashindwa kupiga kelele.

Tatu ni sharti la kusema, na hapa ndipo ninapovua kofia. Ilisemwa kwamba aliyeshambuliwa lazima awaeleze wenzake, la sivyo Popobawa atamrudia. Angalia sharti hili linafanya nini. Linamfanya kila aliyepatwa kuwa msimuliaji. Linaipa hadithi miguu, haihitaji gazeti wala redio kuipeleka. Zaidi ya hayo, linatatua tatizo kubwa la kila hadithi ya ajabu: kwa nini nikuamini? Fikiria jamii ya Kipemba, stara yake na haya yake. Fikiria mwanamume, baba wa watu, anasimama mbele ya majirani na kusema kwamba amefanyiwa jambo ambalo angetoa mali yake lisijulikane. Anayesikia anajiuliza, nani atajizulia aibu kama hii? Aibu ya msimuliaji ndiyo hati yake. Ninaposoma mikusanyo ya hadithi za kutisha, za kwetu na za ng'ambo, ni nadra kukuta msimuliaji anayepoteza kitu kwa kusimulia. Akiwa hapotezi kitu, kisa kinabaki porojo, hata kikipambwa namna gani.

Nne, hakukuwa na jibu moja. Wapo waliosema ni jini la mganga lililomponyoka. Wapo waliosema ni mambo ya siasa, kwa sababu mwaka ule Zanzibar ilikuwa inaelekea uchaguzi wa kwanza wa vyama vingi tangu Mapinduzi. Uchaguzi ulifanyika Oktoba 1995, matokeo ya urais yakatangazwa kuwa asilimia 50.2 kwa Salmin Amour wa CCM na 49.8 kwa Seif Sharif Hamad wa CUF, na majimbo yote 21 ya Pemba yakaenda CUF. Katika hali hiyo kila upande ulikuwa na tafsiri yake, na kila tafsiri ilirefusha maisha ya hadithi. Aliyekataa majini aliweza kuamini njama, na aliyekataa njama aliweza kuamini majini.

Husemwa mara kwa mara kwamba hofu hizi ni za zama za kibatari, kwamba taa zimeziua. Ni kweli kwamba mwaka 1995 Pemba ilitegemea majenereta, na waya wa umeme wa chini ya bahari kutoka Tanga ulifika 2010. Lakini Dar es Salaam ya 2007 ilikuwa na taa, simu na televisheni, na Popobawa alizungumziwa. Mwandishi asisingizie umeme.

Sasa tuje vitabuni. Muhammed Said Abdulla alishinda shindano la uandishi la 1957/58 kwa *Mzimu wa Watu wa Kale*, riwaya iliyochapishwa 1960, kisha mwaka 1968 ikatoka *Kisima cha Giningi*. Majina yenyewe yanachota katika hofu za Visiwani. Giningi ni mahali ambapo, kwa imani za watu, wachawi hukusanyika. Lakini Abdulla aliitumia hofu kama mlango tu. Katika *Mzimu wa Watu wa Kale* mtu anakutwa amekufa mahali pa mzimu, watu wanatetemeka, halafu anaingia mpelelezi Bwana Msa na kiko chake, anauliza maswali, na mzimu unageuka kuwa kazi ya binadamu. Ni ufundi wa hali ya juu, ila ni wa upelelezi. Msomaji anayekifunga kitabu hicho akilalamika kwamba hakuogopa, amekinunua kwa haja ambayo mwandishi hakuahidi kuitimiza.

Said Ahmed Mohamed alikwenda njia nyingine katika *Babu Alipofufuka* ya 2001. Mkubwa aitwaye K anajiwa na babu yake aliyekwishakufa, na babu haji kumnyonga, anakuja kumwonyesha maisha anayoyaishi na watu aliowasahau. Hapa naiona ile hati ya aibu niliyoitaja. K anaogopa kwa kuwa ana cha kufichuliwa. Nawafahamu wasomaji wanaosema riwaya hiyo haitishi. Siafikiani nao: inatisha, lakini inamtisha zaidi mwenye dhamana.

Katika hadithi fupi ndipo tunapoyumba. Mtindo umezoeleka: shetani anaonekana mwili mzima katika ukurasa wa kwanza, watu wanakimbia ukurasa wa tatu, na ukurasa wa mwisho mhusika anaamka jasho likimtoka, kumbe ilikuwa ndoto. Au anatokea mzee mwenye hekima anayetoa wosia kuhusu tamaa na wivu. Wasomaji wanaolalamika wana haki. Mwisho wa ndoto unamrudishia msomaji hofu yake kama mtu anayerudisha chenji, na wosia unamwambia kwamba muda wote alikuwa darasani. Edgar Allan Poe aliandika mwaka 1842 kwamba hadithi fupi isomwe kwa kikao kimoja na kila neno lake litumikie athari moja. M. R. James, ambaye mkusanyo wake wa kwanza ulitoka 1904, alikuwa akiwasomea marafiki zake Cambridge hadithi zake za mizimu kwa sauti wakati wa Krismasi. Naye basi alianzia mdomoni na masikioni, mahali ambapo sisi tulikuwapo zamani.

Jambo moja lisifichwe. Taharuki ya 1995 iliua. Unguja, umati ulimuua mtu mwenye maradhi ya akili, mgeni wa mji, kwa kumdhania kuwa ndiye Popobawa. Anayeandika juu ya mwaka ule amweke mtu huyo ndani ya hadithi yake. Kisa kinachomtaja kiumbe na kumwacha marehemu ni kisa chenye upungufu, kwa ufundi na kwa utu. Tena naamini hadithi ya kutisha kuliko zote kuhusu Popobawa itakuwa ya mmoja wa wale waliokuwa katika umati ule, akisimulia alichokifanya. Atakuwa na cha kupoteza.

Kwa hiyo namwomba mwandishi anayeandaa mkusanyo wa hadithi za kutisha za Visiwani afanye mambo mawili. Akawasikilize waliokuwa watu wazima Pemba mwaka 1995, maana wengi wao bado wapo na wanakumbuka nani alilala wapi. Na kabla ya kupeleka mswada kwa mchapishaji, aje nao Gombani, awasomee watu barazani baada ya sala ya Isha. Palipo na minong'ono apaache kama palivyo. Na kama aya ya mwisho inaeleza maana ya hadithi, aifute.