Aprili 17: Tarehe na Sauti

Historia ya muziki wa ulimwengu huiweka Aprili 17 miongoni mwa siku zake mashuhuri. Mwaka 1960 alifariki Eddie Cochran, mwimbaji wa Marekani mwenye umri wa miaka 21, kwa ajali ya gari nchini Uingereza. Mwaka 1970, wakati kundi la Beatles likivunjika, Paul McCartney alitoa albamu iliyobeba jina lake mwenyewe. Mwaka 2013 Zanzibar ilimpoteza Fatuma binti Baraka, Bi Kidude.

Matukio hayo matatu hayakai sawa katika orodha moja. Cochran ana tarehe mbili, ya kuzaliwa na ya kufa. Albamu ina siku ya kutoka. Bi Kidude ana tarehe ya kufa tu. Ya kuzaliwa haijulikani kwa hakika. Ila si yake, ni ya kipimo. Kalenda hupima muziki wa santuri, ndiyo maana Siti binti Saad, aliyerekodi Bombay mwaka 1928, huingia humo kwa urahisi. Bi Kidude alizidaka nyimbo za Siti kwa sikio, akaziimba kwa sauti yake yenye mikwaruzo. Na ngoma ya unyago, aliyoipiga akiwafunda wari, haina siku ya kutoka. Hurudi kila apatikanapo mwari.

Basi amkumbukaye Bi Kidude kwa Aprili 17 pekee huikumbuka siku aliyonyamaza. Lililo bora ni kuuliza ni nani waliofundwa naye, na nyimbo zipi bado wanazo midomoni.