Mgao wa umeme uliokosa zamu

Mkenya au Mkongomani anayehamia Houston huonywa kuhusu joto na vimbunga. Nyumba za huko zimejengwa kwa hofu hiyo hiyo: mabomba ya maji hupitishwa darini, na nyumba nyingi hupashwa joto kwa umeme. Februari 2021 mji huo ulishuka hadi zaidi ya nyuzi 10 chini ya sifuri. Dallas ilifika karibu 19.

Visima vya gesi viliganda, mitambo ikazimika, na usiku wa kuamkia Februari 15 ERCOT, waendeshaji wa gridi ya Texas, wakaanza kukata umeme. Walikuwa na sababu ya kuharakisha. Umeme wa Marekani huenda mizunguko 60 kwa sekunde. Ukikaa chini ya 59.4 kwa dakika 9, mitambo hujizima yenyewe isije ikaharibika. Usiku huo ulikaa huko dakika 4 na sekunde 23. Gridi ikapona, lakini mgao haukuzunguka: laini nyingi zilizobaki na umeme zilihudumia hospitali na sehemu nyingine nyeti, kwa hiyo hapakuwa na mitaa ya kutosha kupokezana giza. Nyumba na biashara zaidi ya milioni 4 zilikatiwa, nyingine kwa siku kadhaa. Aliyeujua mgao wa Dar es Salaam angalau alikuwa na saa ya kuusubiri umeme.

Walioimudu baridi hiyo walianza kwa kuipunguza nyumba. Mtu aliyetulia hutoa joto la takriban wati 100. Watu wanne ndani ya chumba kimoja kidogo ni wati 400 za bure, ilhali zikisambaa sebuleni hazihisiki. Basi familia zilihamia chumba kimoja, zikatundika mablanketi madirishani na kuziba upenyo wa mlango kwa taulo. Wengine walisimamisha hema la kambi juu ya zulia. Nguo nazo zilifuata kanuni hiyo: fulana tatu nyepesi hushinda sweta moja nene, kwa sababu kinachozuia joto lisitoke ni hewa iliyonaswa katikati.

Hatari ilikuwa kwenye moto. Kwa aliyekulia Limuru au Kivu, mkaa ndilo jibu la kwanza la baridi, na jiko la nje au lenye upenyo chini ya bati humsamehe. Nyumba ya Texas imezibwa ili ubaridi wa kiyoyozi usitoroke, na chumba kilichozibwa kwa taulo ni kibaya zaidi. Kaboni monoksidi haina harufu, na hung'ang'ania damu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni. Mtu huumwa kichwa, husinzia, na hadhani kama anakufa. Watu zaidi ya 1,400 jimboni walikimbilia matibabu kwa sumu hiyo, wengine wakiwa wamewasha jenereta au gari ndani ya gereji.

Yakabaki mabomba. Maji yakiganda hutanuka kwa asilimia 9 hivi, na bomba la darini hupasuka bila mtu kujua hadi barafu iyeyuke. Kuacha koki ikidondoka kulisaidia pale tu ambapo presha ya maji ilikuwepo. Njia ya uhakika ilikuwa kufunga valvu kuu, kufungua koki zote bomba likauke, kisha kuyeyusha theluji ndooni kwa ajili ya choo. Ni kazi ya kuchosha, ila mafundi bomba waliadimika kwa wiki kadhaa baadaye.