Ufundi wa Tone Moja

Kioo cha ndani cha gari, kile ambacho dereva hutazamia nyuma, katika magari mengi hakikufungwa popote kwa bolti. Kimeshikwa kwenye kioo cha mbele kwa gundi peke yake. Kipande kidogo cha chuma, ambacho hapa kitaitwa kishikizo, hubandikwa upande wa ndani wa kioo cha mbele. Shingo ya kioo cha ndani huteremshwa juu ya kishikizo hicho hadi ikwame, kisha skrubu ndogo huikaza. Uzito wote wa kioo na mtikisiko wote wa barabara hubebwa na utando wa gundi usiofika unene wa karatasi. Gari likizeeka utando huo huachia, na siku moja kioo hukutwa kimelala juu ya dashibodi. Kukirudisha ni kazi ya gharama ndogo, na ndiyo maana hudharauliwa. Hata hivyo ni kipimo kizuri cha fundi, kwa kuwa sehemu kubwa ya kazi yenyewe haionekani ikishamalizika.

Haja ya kutazama nyuma ilianza mapema. Mwaka 1909 Dorothy Levitt, dereva wa mashindano kutoka Uingereza, aliwashauri wanawake katika kitabu chake The Woman and the Car wachukue kioo cha mkononi garini na kukiinua mara kwa mara ili waone kinachokuja nyuma yao. Mwaka 1911, katika mashindano ya kwanza ya maili 500 ya Indianapolis nchini Marekani, Ray Harroun aliendesha gari la Marmon akiwa peke yake, ilhali wapinzani wake walipakia fundi wa kuwaangalizia nyuma. Walipolalamika kwamba atahatarisha wenzake, alifunga kioo mbele yake, na ndiye aliyeshinda. Miaka mingi baadaye alieleza kwamba njia ile ya matofali ilikitikisa kioo mno hata hakuona kitu. Tangu siku hiyo sharti la kioo cha kutazamia nyuma limebaki lile lile: kisipotulia hakina faida.

Sharti la pili lilikuja pamoja na sheria za usalama. Kanuni namba 111 ya viwango vya magari vya Marekani inataka kioo kilicho mahali ambapo kichwa cha abiria kinaweza kugonga kipinde, kikunjike au kiachie kinaposukumwa kwa nguvu ya newton 400, tena bila kuacha ncha kali. Kwa hiyo kazi ya mbandikaji ina pande mbili. Kioo kinatakiwa kitulie miaka mingi katika mashimo na makorongo, na kinatakiwa kiondoke njiani wakati wa ajali. Anayezungushia kishikizo na shingo yake donge la gundi ya plastiki mpaka vikawa kitu kimoja huenda akasifiwa kwa uimara, kumbe amemwondolea abiria kinga yake.

Adui mkubwa wa gundi inayoshika kishikizo ni joto. Gari lililoegeshwa juani mchana kutwa Dar es Salaam, Mombasa au Muscat huweza kuwa na dashibodi yenye nyuzi 70 za Selsiasi na zaidi, na kioo cha mbele nacho huchemka. Chuma na kioo havitanuki sawasawa. Kwa joto lile lile chuma cha kawaida hutanuka zaidi ya kioo, na aluminiamu hutanuka zaidi ya mara mbili ya kioo. Mchana gundi huvutwa, usiku hurudishwa, na mchezo huo hurudiwa kwa miaka. Unyevu hupenya pembezoni. Shingo ya kioo ni wenzo: kila dereva anayekizungusha kwa nguvu huongeza mvuto kwenye kishikizo. Wakati mwingine kosa si la umri hata kidogo, ni la matengenezo yaliyopita, pale gundi ilipopakwa juu ya gundi.

Kazi huanza kwa kutazama, kabla kifaa chochote hakijashikwa. Kama kishikizo kimetoka pamoja na kioo, skrubu hulegezwa na kishikizo kuchomolewa, huku fundi akikariri upande upi ulielekea kioo cha mbele na ncha ipi ilikuwa juu. Vishikizo vingi vina umbo la kabari, na ncha nyembamba hukaa juu ili uzito wa kioo uzidi kuikaza shingo. Kikibandikwa kichwa chini, shingo haitaingia, na kazi yote itarudiwa. Alama ya mahali pake huwekwa upande wa nje wa kioo cha mbele, kwa kalamu ya nta au vipande vya utepe, kwa sababu upande wa ndani utasafishwa na alama yoyote ingefutika.

Kisha hufuata sehemu ndefu kuliko zote, nayo ni kusafisha. Gundi ya zamani hukwanguliwa kwa wembe mpya uliolazwa karibu kabisa na kioo, polepole, kwa kukwepa nyuzi za antena au za kupashia joto panapokuwa nazo. Kama mabaki ni magumu, mashine ya kukaushia nywele huyalainisha. Kuyang'oa kwa bisibisi ni hatari, kwani huweza kuondoka na kibanzi cha kioo. Kishikizo nacho hukwanguliwa, kisha husuguliwa kwa msasa laini hadi chuma kitupu kionekane.

Baada ya hapo pande zote mbili hupanguswa kwa alkoholi safi na kitambaa kisichoacha nyuzi, na kitambaa hubadilishwa hadi kitoke kama kilivyoingia. Hapa ndipo kazi nyingi huharibikia. Petroli na mafuta ya taa huondoa uchafu lakini huacha ukungu wa mafuta. Vitakasa mikono vingi vina gliserini. Dawa za kung'arisha dashibodi huwa na silikoni, ambayo husambaa hadi kwenye vioo, na gundi haishiki juu yake. Njia ya kupima ni rahisi: tone la maji juu ya kioo safi hutandaa, na penye mafuta hujikusanya. Kipimo kikishafanywa, mahali hapo hukaushwa na kupanguswa tena kwa alkoholi, na kuanzia hapo kidole hakipagusi.

Gundi inayofaa ni ya jamii inayoganda pasipo hewa. Gundi hizo zilibuniwa na Vernon Krieble, profesa wa kemia huko Hartford, Marekani, aliyeanzisha kampuni mwaka 1953 ambayo baadaye ilijulikana kwa jina la Loctite. Oksijeni huizuia gundi hii isigande, na ndiyo sababu chupa zake huachiwa nafasi kubwa ya hewa. Ikibanwa kati ya pande mbili, hewa hukosekana, na chuma chenyewe huchochea mgando. Kwa kuwa kioo hakina uchochezi huo, pakiti huja na dawa ya pili ya kuamsha gundi, ambayo hupakwa kwanza na kuachwa ikauke.

Ukishajua tabia hiyo, utaona kwa nini tone moja linatosha. Tabaka nene hubaki bichi katikati, kwani dawa haifiki huko, na kishikizo huteleza taratibu chini ya uzito. Gundi za kawaida za dukani zina upungufu wake. Supa gluu, iliyotokana na utafiti wa Harry Coover wa mwaka 1942, hushika kwa sekunde chache, lakini ni ngumu na kavu, hudhoofishwa na joto na unyevu, na mvuke wake huacha ukungu mweupe juu ya kioo. Gundi za epoksi hushika kwa nguvu, ila kwa kuwa hazinyumbuki, huweza kung'oa kibanzi cha kioo pale chuma kinapotanuka.

Kubandika kwenyewe ni kwa muda mfupi sana. Gari huwa kivulini, kioo cha mbele kikiwa na joto la kawaida la chumba, kwa hiyo asubuhi hufaa kuliko adhuhuri. Tone huwekwa katikati ya kishikizo, kishikizo hukandamizwa kwa dole gumba penye alama, na mkono hutulia kwa dakika moja bila kusogea hata kidogo. Pakiti nyingi huruhusu kioo kipachikwe baada ya robo saa au nusu saa. Fundi makini hukiacha hadi kesho yake, kwa kuwa mgando huendelea kwa saa nyingi, na mzigo wa mapema huuharibu pasipo dalili yoyote.

Siku ya pili shingo huteremshwa moja kwa moja juu ya kishikizo, na skrubu hukazwa hadi ikatae, basi. Kuizidishia nguvu hung'oa kishikizo au hupasua kioo cha mbele, na hasara hiyo huzidi mara nyingi bei ya gundi. Halafu kioo huelekezwa hadi dereva aone dirisha lote la nyuma bila kusogeza kichwa. Hatimaye hujaribiwa kile kiwiko kidogo cha usiku. Kioo hiki kimechongwa kama kabari: upande wa nyuma umepakwa metali inayorudisha mwanga mwingi, na uso wa mbele hurudisha takriban asilimia 4 tu. Kiwiko kikivutwa, upande ule wa nyuma huelekea darini, na taa kali za gari linalofuata hubaki kivuli hafifu. Baada ya hapo gari hupelekwa barabarani, na picha ikitulia penye matuta, kazi imekubali.

Mikono hufanya kazi chini ya saa moja, na subira hukamilisha yaliyobaki. Nguvu ya kiungo hiki hutokana na usafi wa pande mbili zinazokutana, nao ni kazi ambayo mteja haioni na haiulizii bei. Mwenye gari anayempelekea fundi kioo kilichoanguka na alilaze gari hapo hadi kesho yake, na anayejifanyia mwenyewe anunue wembe mpya na alkoholi safi kabla hajaenda kuchagua gundi.