Fujo na Sababu Zake: Riwaya ya Kezilahabi

Riwaya ya marehemu Euphrase Kezilahabi, Dunia Uwanja wa Fujo, ilitoka mwaka 1975, miaka minane baada ya Azimio la Arusha. Ni rahisi kuisoma kama kitabu cha kukata tamaa, na jina lake latuelekeza huko: mtu huingia uwanjani, akafanya fujo zake, akatoka. Lakini yafaa tuulize kama kisa chenyewe chakubaliana na jina lake.

Tumaini, kijana wa Ukerewe, arithi mali ya wazazi na kuitapanya kwa anasa. Fujo hizo zina sababu, nayo ni fedha asizozitolea jasho. Baadaye ajirudi, awa mkulima mwenye shamba kubwa. Ndipo siasa ya Ujamaa yamfikia, na shamba latakiwa liwe mali ya umma. Amwua kiongozi wa serikali, naye ahukumiwa kunyongwa. Msomaji wa mwaka 1975 hakukosa kukumbuka Iringa, ambako siku ya Krismasi ya mwaka 1971 Mkuu wa Mkoa, Dakta Wilbert Klerruu, alipigwa risasi na mkulima Said Mwamwindi.

Basi hapa pana jambo zito kuliko fujo. Tumaini alitazamapo shamba aona jasho lake, kazi iliyomtoa katika upotevu. Azimio litazamapo shamba lile lile laona jasho la vibarua. Kila upande una haki yake, wala hapana baraza ambapo hesabu hizi mbili zawekwa pamoja zikasawazishwa. Mmoja ashika amri, mwingine ashika bunduki. Kwa hiyo maangamizi ya Tumaini hayatokani na ulimwengu usio na maana. Yatokana na maswali mawili ya haki yaliyojibiwa kwa nguvu.

Hapo ndipo naona upungufu wa falsafa inayobebwa na jina la kitabu. Tukisema kwamba dunia ni fujo tupu, twamwondolea lawama aliyetoa amri, twamwondolea pia aliyeua, na kibarua twamsahau kabisa. Mpangilio wa kisa una hekima kuliko jina hilo, kwani kila tendo lazaa jingine, na msomaji aweza kuonyesha kwa kidole mahali ambapo mambo yangaliweza kwenda njia nyingine.

Azimio la Zanzibar la mwaka 1991 liliwaruhusu hata viongozi kupata baadhi ya mali walizokatazwa na Azimio la Arusha. Siasa iligeuka, lakini swali la shamba halikugeuka. Palipo na mwenye mtaji, mwenye jembe na mwenye amri, wote wakiwa hawajui kesho itawaletea nini, riwaya hii yastahili kusomwa, si kwa kutafuta faraja, bali kwa kujifunza kuuliza mapema: jasho hili ni la nani?