Kahawa Baada ya Mizani: Uchambuzi wa Ufuatiliaji wa Mzigo wa Karagwe na Kyerwa Unaouzwa Mtandaoni

Mnunuzi anayeshiriki mnada wa kielektroniki wa Soko la Bidhaa Tanzania (TMX) ili apate kahawa ya maganda, yaani kahawa iliyokaushwa pamoja na ganda lake, hutaja bei ya mzigo ambao huenda hajauona, kwa kutegemea jina la ghala, idadi ya kilo na daraja la ubora. Mkulima wa wilaya ya Karagwe au Kyerwa naye, akishaukabidhi mzigo huo kwa chama cha msingi cha ushirika (AMCOS), hamjui atakayeununua. Kinachowaunganisha wawili hawa ni ufuatiliaji wa mzigo, yaani kumbukumbu zinazoonyesha, kwa kila makabidhiano, mzigo ulikuwa wapi, ulikuwa na uzito gani na ulikuwa mikononi mwa nani. Wengi huudhania kuwa ni kitone kinachotembea kwenye ramani ya simu, na kwa kifurushi kimoja kinachosafirishwa kwa basi kutoka Kariakoo hadi Kayanga dhana hiyo inatosha. Kwa kahawa, ambayo humiminwa, huchanganywa na kukobolewa njiani, haitoshi hata kidogo.

Mnyororo huanzia kwenye mizani ya AMCOS, ambapo karani huandika namba ya mwanachama, kilo na tarehe, kisha humpa mkulima stakabadhi inayothibitisha kwamba mali iliyotoka mikononi mwake inasubiri kulipiwa. Magunia ya wakulima mbalimbali huunganishwa kuwa loti, yaani shehena inayouzwa kwa bei moja, na anayesimamia mauzo hayo ni chama kikuu cha ushirika, kama vile Chama Kikuu cha Ushirika cha Karagwe (KDCU), kilichoanzishwa mwaka 1990 na kinachohudumia wilaya zote mbili hata baada ya Kyerwa kumegwa kutoka Karagwe mwaka 2012. Kahawa ikishakobolewa na kupangwa kwa madaraja, hutiwa kwenye magunia ya kilo 60 yenye alama inayotaja nchi, msafirishaji na namba ya loti kwa utaratibu wa Shirika la Kimataifa la Kahawa, kisha hupakiwa kwenye kontena la futi 20 linalobeba takriban magunia 320. Mzigo uleule umetambulishwa kwa stakabadhi, kwa loti ya mnada, kwa alama ya gunia na kwa namba ya kontena, na ufuatiliaji una thamani pale tu panapokuwa na daftari linaloonyesha utambulisho upi ulizaa upi.

Mahali pa kwanza panapoleta taabu ni kwenye lundo. Gunia la mkulima mmoja likishamiminwa juu ya kahawa ya wengine, hakuna chombo kinachoweza kulirudisha shambani lilikotoka; kinachobaki ni orodha ya waliochangia, nayo ina maana tu iwapo lundo lilifungwa rasmi na halikuongezwa kahawa nyingine baadaye. Uzito nao una hila zake. Tani moja ya kahawa ya maganda yenye unyevu wa asilimia 14 ina kilo 860 za kitu kikavu na kilo 140 za maji, na ikikaa ghalani hadi unyevu ushuke kufikia asilimia 12, zile kilo 860 zitakuwa asilimia 88 ya uzito mpya, ambao ni takriban kilo 977. Kilo 23 zimeondoka bila mwizi. Karani aliyeandika kilo peke yake, bila kipimo cha unyevu pembeni, hana la kujitetea mnunuzi anapofika na lori akakuta upungufu, wala mnunuzi hana njia ya kutenganisha kilichokauka na kilichochotwa usiku. Kiwandani mambo huzidi kuwa magumu, kwa kuwa kukoboa huondoa karibu nusu ya uzito, na kiasi kamili hutegemea ukavu na ubora wa kahawa yenyewe.

Makosa ya kuandika namba yanastahili kutazamwa kwa karibu zaidi. Namba ya kontena, kwa mujibu wa kiwango cha kimataifa cha ISO 6346, ina herufi nne na tarakimu saba, na tarakimu ya mwisho ni ya uhakiki: kila herufi hupewa thamani yake, kila nafasi huzidishwa kwa 1, 2, 4, 8 na kuendelea kwa kurudufu hadi 512, jumla hugawanywa kwa 11, na baki ndilo linaloandikwa mwishoni, isipokuwa baki la 10 ambalo huandikwa 0. Kwa mfano, kwa namba CSQU305438 jumla ni 6,185, ambayo ikigawanywa kwa 11 hubakiza 3, hivyo namba kamili ni CSQU3054383. Anayeingiza taarifa akiandika 8 badala ya 3 ya kwanza, baki litakuwa 6 na kompyuta itaikataa namba hiyo papo hapo. Namba ya mwanachama iliyoandikwa kwa kalamu haina kinga ya namna hii: 3 ikisomeka 8, kilo za mtu huhamia kwa jirani yake, na kosa hugunduliwa siku ya malipo. Kuongeza tarakimu moja kwenye namba za wanachama ni kazi ndogo mno kulinganisha na ugomvi unaoepukwa, na inashangaza kidogo kwamba sanduku la chuma limewekewa ulinzi ambao mwenye kahawa hajawekewa.

Kanuni ya Umoja wa Ulaya namba 2023/1115, ambayo utekelezaji wake umeahirishwa zaidi ya mara moja, inataka kahawa inayoingia katika soko la Umoja huo iambatane na latitudo na longitudo za mashamba ilikolimwa, ili ithibitike kwamba msitu haukufyekwa hapo baada ya Desemba 31, 2020. Shamba lisilozidi hekta 4 laweza kuelezwa kwa nukta moja yenye tarakimu sita baada ya desimali. Tarakimu ya sita, katika eneo hili lililo karibu na ikweta, ni sawa na sentimita 11 hivi ardhini, ilhali simu ya kawaida iliyoshikwa katikati ya kibanja, chini ya majani ya migomba na miti ya kivuli, huweza kukosea kwa mita kadhaa. Tarakimu za mwisho basi ni pambo. Kilicho muhimu ni kwamba namba ya mkulima, nukta ya shamba na namba ya loti vinalazimika kuunganishwa katika rejista moja, jambo ambalo mnada wenyewe haukulidai.

Manufaa ya kazi hiyo ya kuunganisha kumbukumbu, kwa jinsi ilivyopangwa, yanamwelekea zaidi mnunuzi. Taarifa husafiri kutoka kijijini kwenda Dar es Salaam na Ulaya, na ni chache zinazorudi kwa mkulima, ambaye anasubiri fedha huku ada za shule na deni la dukani havisubiri. Kusubiri huko ni miongoni mwa mambo yanayolisha butura, yaani uuzaji wa kahawa ikiwa ingali mtini kwa bei ya kutupa, pamoja na magendo ya kuvusha magunia kwenda Uganda, ambako mkulima hulipwa taslimu. Doria mpakani hukamata magunia, lakini haimwambii mkulima wa Nkwenda, wilayani Kyerwa, iwapo kahawa yake imeshauzwa. Ujumbe mfupi wa simu ungeweza kumwambia mambo manne: kwamba mzigo wake umepokelewa ghalani, umeingia loti namba fulani, umeuzwa kwa bei fulani, na malipo yametumwa benki. Kila moja ya taarifa hizo huzalishwa mahali fulani, ama katika AMCOS, ama katika chama kikuu, ama katika mfumo wa mnada au benki. Kinachohitajika ni kuiunganisha namba ya mwanachama na namba ya loti, na muunganiko huo ndio uleule ambao vyama vinalazimika kuugharamia kwa ajili ya mnunuzi wa Ulaya.